Shajara ya mradi: pamba, kostiki na maji yanayokula asidi

Mradi huu ni wa kugeuza mabaki ya pamba, yale manyoya mafupi yasiyofaa kusokotwa, yawe kaboksimethili selulosi, CMC kwa kifupi: unga mweupe unaoyeyuka majini na kuyafanya mazito. Njia yake inajulikana tangu zamani. Pamba inalowekwa kwenye kostiki, yaani sodiamu haidroksidi, inapewa asidi ya monokloroasetiki, kisha inapashwa joto. Ninachofuatilia mimi ni masharti ya mmenyuko wenyewe: kostiki kiasi gani, maji kiasi gani, joto gani, muda gani, ndani ya kimiminika kipi. Naandika kila siku ya kazi, siku za aibu zikiwemo.

Jambo moja la lugha kabla sijaendelea. Neno "nyuzi" limenitesa kwenye daftari, kwa kuwa ni nyuzi za pamba na ni nyuzi za joto pia. Humu ndani nyuzi ni za pamba tu. Joto nitaliandika °C.

Siku ya 1

Pamba mbichi haipendi maji. Nimedondosha tone juu ya donge la nyuzi, likakaa pale limejiviringa kama shanga. Sababu ni nta. Zaidi ya asilimia 90 ya uzi wa pamba ni selulosi, lakini ngozi yake ya nje ina nta, pektini na protini kidogo, na hizo ndizo zinazomfungia mlango kila mgeni.

Nimechemsha gramu 60 kwenye kostiki ya asilimia 2 pamoja na sabuni kidogo, saa moja na nusu. Nimezikandamiza zizame muda wote, maana kostiki ya moto ikishirikiana na hewa inakatakata minyororo ya selulosi, na minyororo mirefu ndiyo ninayoitaka. Maji yametoka rangi ya kahawia. Nimesuuza hadi karatasi ya pH, ile inayoonyesha uasidi kwa rangi, ikatulia, kisha nikadondosha tone jingine. Limezama kabla sijamaliza kusema "moja".

Nyingi nimezianika hewani. Fungu dogo nimeliweka kwenye oveni ya 105 °C usiku kucha, nina sababu yangu.

Siku ya 2

Leo ni hesabu na jaribio la 1.

Selulosi ni mnyororo wa vipande vya glukosi, kila kipande kina uzito wa gramu 162 kwa moli (moli ni kipimo cha kuhesabia chembe). Kila kipande kina haidroksili 3 (oksijeni iliyoshika haidrojeni), kwenye kaboni ya 2, ya 3 na ya 6. Kazi yetu ni kung'oa haidrojeni ya haidroksili na kupachika kundi la kaboksimethili mahali pake. Wastani wa haidroksili zilizopachikwa kwa kila kipande ndio unaoitwa kiwango cha ubadilisho, DS. Haiwezi kuzidi 3. Kwa CMC hakuna haja ya kufika huko: ikishavuka 0.4 au 0.5 hivi inaanza kuyeyuka majini, ili mradi makundi yametawanyika vizuri. Nalenga 0.7.

Pamba iliyoanikwa hewani bado ina maji ndani. Nimepima sampuli kabla na baada ya oveni: asilimia 7. Kwa hiyo gramu 5 za mezani ni gramu 4.65 za selulosi, yaani moli 0.0287 za vipande.

Nimeweka gramu 5 ndani ya mililita 150 za isopropanoli, aina ya alkoholi, nikamwagia mililita 10 za kostiki (gramu 20 kwa kila mililita 100), nikakoroga saa moja. Halafu asidi gramu 6, 55 °C, saa tatu na nusu.

Kuhusu hiyo asidi: si ya mchezo. Inapenya ngozi na kuingia mwilini, na mtu aliyerukiwa eneo dogo tu anaweza kupoteza maisha. Glavu jozi mbili, miwani, kabati la kufyonza moshi. Isopropanoli nayo inashika moto upesi, hivyo napasha kwa maji ya moto na si kwa mwali.

Kero ya leo: sumaku ya kukorogea. Dakika ya kumi nyuzi zilishajizungushia kwenye ile sumaku kama uzi kwenye kibiringo, ikasimama kabisa. Nimekoroga kwa fimbo ya kioo mchana wote. Kuanzia kesho nyuzi zinakatwa kwa mkasi ziwe za milimita mbili tatu, na mkorogo ni wa pangaboi linaloshuka kutoka juu.

Siku ya 3

Jaribio la 1 halikuzaa kitu. Pamba imetoka pamba. Nimeiweka majini, imelowa tu, basi.

Mwalimu wangu amepita, akatazama daftari kimya kwa muda, kisha akauliza, "Asidi yako inakutana na nani kwanza?"

"Na pamba, mwalimu."

"Hesabu tena."

Nimehesabu, na masikio yamepata moto. Asidi gramu 6 ni moli 0.0635. Kostiki niliyoweka, gramu 2, ni moli 0.05. Kabla asidi haijafika popote inakutana na kostiki na kugeuka chumvi yake, moli kwa moli. Kostiki yangu yote imeishia hapo na asidi nyingine imebaki bila mwenzi. Nimelowesha karatasi ya pH kwenye mabaki ya jana: nyekundu. Selulosi haiwezi kushambulia chochote katika hali hiyo. Lazima kwanza haidroksili yake ivuliwe haidrojeni na kostiki, ndipo oksijeni ipate nguvu ya kuisukuma klorini itoke.

Kwa hiyo kostiki ina kazi mbili zinazohesabika: kuituliza asidi, na kuimeza klorini inapotoka. Ina na ya tatu isiyohesabika kwa moli, ambayo ni kuivimbisha pamba. Mimi nilikuwa nimelipia sehemu ya kazi moja tu.

Siku ya 5

Jaribio la 2. Kila kitu kama awali, ila kostiki ni mililita 16 za gramu 30 kwa mililita 100, yaani gramu 4.8, moli 0.12. Asidi nimeiyeyusha kwanza kwenye isopropanoli kidogo na kuidondosha kwa nusu saa. Ni bora hivyo, kwani kutulizana kwake na kostiki kunatoa joto, na ukiimwaga yote kwa mkupuo kipimajoto kinaruka.

Saa ya kwanza, kabla ya asidi, nimeiacha kwenye joto la chumba. Nyuzi zimevimba na kujinyoosha. Ndicho alichokiona John Mercer mwaka 1844 alipochuja kostiki nzito kwa kitambaa cha pamba: kitambaa kikasinyaa na kuwa kinene. Mwaka 1850 akakichukulia hataza. Uzi wa pamba una sehemu zilizopangika kama fuwele, minyororo imeshikana bega kwa bega, na sehemu zilizolegea. Kostiki nzito inaingia hata kwenye fuwele na kuisogeza minyororo. Uvimbe huo unakuwa mkubwa zaidi kwenye baridi kuliko kwenye joto, ndiyo maana sikuwasha chochote saa ile.

Jioni nimetuliza kwa asidi ya asetiki, nikachuja kwa pampu, nikasuuza kwa ethanoli. Kidogo nilichotia majini kimekuwa mlenda! Una madonge na nyuzi zinaelea, lakini ni mlenda. Nimeongeza matone ya salfeti ya shaba na mashapo mepesi ya samawati yametokea, kama CMC inavyotakiwa kufanya.

Siku ya 6

Titresheni, yaani kupima kaboksili kwa kuangalia zimekula kostiki kiasi gani. CMC nimeigeuza kwanza kuwa ya asidi, nikaisuuza na kuikausha, nikapima gramu 0.50. Nimeipa mililita 25 za kostiki ya moli 0.1 kwa lita, nikachemsha, kisha kostiki iliyobaki nikaituliza kwa asidi haidrokloriki ya nguvu ile ile. Zimetumika mililita 5.8. Maana yake sampuli imekula milimoli 1.92, sawa na 3.84 kwa gramu. Kanuni: 0.162 mara 3.84, gawanya kwa (1 toa 0.058 mara 3.84). DS ni 0.80.

Nimefurahi kwa muda wa kama saa moja hivi.

Siku ya 7

DS ya 0.80 na nyuzi bado zinaelea? Haiji. Nimechukua maji ya suuzo la mwisho, nikatia tone la asidi ya nitriki na kisha nitreti ya fedha. Yamekuwa meupe kama maziwa. Chumvi ya mezani, ile inayozaliwa klorini inapomezwa na kostiki, imejaa.

Kosa ni kwamba nilisuuza kwa ethanoli karibu safi. Chumvi haiyeyuki humo. Inatakiwa ethanoli ya asilimia 80: maji yake ya asilimia 20 yanatosha kubeba chumvi na hayatoshi kuiyeyusha CMC. Iwe vuguvugu, 60 °C, na mara nyingi.

Chumvi ya mezani peke yake isingenidanganya kwenye titresheni. Aliyenidanganya ni mwenzake, sodiamu glikoleti. Huyu anazaliwa pale kostiki na maji vinapoivamia asidi ya monokloroasetiki pembeni, bila selulosi kuhusika. Ana kundi la kaboksili kama CMC na anakula kostiki kama CMC. Ni mdogo, hivyo akishageuzwa kuwa asidi kila gramu yake inakula zaidi ya milimoli 13. Kiasi kidogo tu kinapandisha DS yote.

Nimesuuza mara saba, hadi nitreti ya fedha ikanyamaza. Titresheni mpya: mililita 9.3. DS 0.62.

Hii ndiyo namba ya kweli, na ina habari zaidi kuliko ile ya jana. Kwa kila kipande cha glukosi nilitoa asidi moli 2.2. Zilizoshika ni 0.62, asilimia 28. Nyingine zimekwenda wapi? Nyingi zimekuwa glikoleti. Kuna mimenyuko miwili humu inayogombania asidi ile ile, na ule nisioutaka unashinda.

Siku ya 9

Wazo la kwanza, la kivivu: ongeza kostiki. Jaribio la 3 ni mililita 16 zilizobeba gramu 8.

DS imeshuka chini ya ile ya jaribio la 2. Mlenda wenyewe umekuwa mwepesi, unatiririka kwenye pipeti karibu kama maji. Kostiki iliyozidi haikukaa bure, imekwenda kutengeneza glikoleti, na oksijeni iliyokuwemo imepata nafasi ya kukata minyororo. Nimelipa zaidi nikapata pungufu, mara mbili.

Siku ya 11

Leo nimeacha kugusa kiasi cha vitendanishi na kugusa kimiminika. Chupa tatu zenye pamba, kostiki na asidi sawasawa na jaribio la 2. Ya kwanza ina maji matupu badala ya isopropanoli, ya pili ethanoli, ya tatu isopropanoli.

Chupa ya maji: pamba imetoka nyuzi nzima, imelainika kidogo tu. Ya ethanoli: imevimba majini, sehemu imeyeyuka. Ya isopropanoli: kama jaribio la 2.

Maelezo yake yananipendeza kuliko kitu chochote kwenye mradi huu. Isopropanoli na kostiki nzito havielewani. Ukivikoroga bila pamba na kuviacha, vinajitenga, kostiki chini na isopropanoli juu. Ukiweka pamba, maji yenye kostiki yanakimbilia kwenye nyuzi na kuzivika koti jembamba lenye kostiki nzito. Isopropanoli inabaki nje ikibeba asidi na kuileta kidogo kidogo. Kwa hiyo kostiki iko pale pale inapohitajika. Ethanoli ina urafiki zaidi na kostiki, inaibakiza nyingi nje. Na kwenye maji matupu kila kitu kimetawanyika: kostiki imekuwa nyepesi mno kuifungua fuwele, na asidi imezungukwa na adui kila upande.

Siku ya 12

Kama ni hivyo, maji ndiyo mshukiwa. Lakini siwezi kuyafukuza, kwa kuwa bila maji kostiki haiingii kwenye nyuzi. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo yenyewe ni pamba: maji yale yale yaliyolowa ndani ya uzi ili kuufungua ndiyo yanayosaidia kula asidi inapofika.

Majaribio ya 4 na 5: kostiki haibadiliki, gramu 4.8. Kinachobadilika ni maji yaliyoibeba. Jaribio la 4 ni mililita 12, la 5 ni mililita 7.5.

Siku ya 14

Jaribio la 4: mililita 7.9 kwenye titresheni, DS 0.69. Gramu zote zile zile, nimepunguza maji tu. Madonge kwenye mlenda yamepungua.

Jaribio la 5 limeshuka, na nyuzi zimerudi kuelea, nyingi. Kostiki ilikuwa nzito mno na chache mno kwa ujazo, haikuifikia pamba yote. Mashada mengine yamelowa vizuri, mengine yamepitwa. Chini ya hadubini inaonekana wazi: baadhi ya nyuzi zinavimba majini kama puto hadi kupasuka, jirani yake iko vile vile ilivyotoka shambani. DS ni wastani, na wastani hauoni tofauti hiyo.

Siku ya 15

Joto, kwa kifupi. Saa tatu na nusu kila moja, masharti ya jaribio la 4. Kwenye 45 °C mmenyuko haujafika. Kwenye 55 na 65 sioni tofauti ya kuaminika. Kwenye 75 unga una umanjano, mlenda mwepesi, DS chini. Joto linaharakisha mimenyuko yote miwili, na ule wa pembeni haukatai lifti. Nabaki 55.

Siku ya 16

Lile fungu la oveni la siku ya kwanza. Nimelipitisha kwenye masharti ya jaribio la 4 bila kubadilisha kitu, ila nimerekebisha uzito kwa kuwa halina maji. Nyuzi zilizobaki bila kuyeyuka ni nyingi waziwazi kuliko za pamba iliyoanikwa hewani.

Kukausha sana kunazifunga zile njia nyembamba ndani ya uzi. Minyororo inashikana kwa vifungo vya haidrojeni, na baadhi haviachii tena hata ukirudisha maji. Nilidhani ninapunguza maji mabaya kabla ya kuanza. Nilikuwa nafunga mlango. Mtu akipima DS yake bila kuandika pamba ilikaushwa vipi, namba yake siiamini sana siku hizi.

Siku ya 18

Muda. Nimechomoa sampuli baada ya saa 1, 2, 3 na nusu, na 5. Zinapanda hadi ya tatu na nusu, halafu ya saa 5 iko pale pale. Nilitaka kuandika "mmenyuko umefika mwisho", nikafuta. Pamba bado ina haidroksili tele. Kilichoisha ni asidi.

Hapo ndipo nimepata wazo la kuigawa. Asidi yote ikiwa ndani tangu mwanzo, nyingi inasubiri zamu kwenye kostiki, na kusubiri kwenyewe ndiko kunakoiua.

Siku ya 20

Jaribio la 9. Asidi ile ile gramu 6, mara mbili za gramu 3. Awamu ya kwanza: kostiki gramu 4.8 kwenye mililita 12. Kisha nimetuliza, nikasuuza kwa ethanoli ya asilimia 80, nikaanika hewani, sikupeleka oveni. Awamu ya pili: kostiki gramu 2.4 kwenye mililita 6 tu, kwa kuwa pamba ilishafunguka na haikuhitaji tena maji mengi kuingilika. Kostiki kwa jumla imeongezeka, najua, kwa hiyo ulinganisho na jaribio la 4 si safi. Lakini jaribio la 3 lilishanionyesha kwamba kostiki zaidi peke yake hainipandishii kitu.

Nimepitisha pia naitrojeni kwenye chupa dakika kumi kabla ya kila awamu, kufukuza oksijeni.

Siku ya 22

Kusuuza mara nane. Nitreti ya fedha imenyamaza mara ya saba, nimeongeza moja kwa hofu. Titresheni mara tatu: 6.6, 6.6, 6.5. Nachukua 6.6. DS 0.76, kwa asidi ile ile iliyonipa 0.62 siku ya saba.

Mlenda wa asilimia 1 unashuka kwenye pipeti polepole kuliko wote niliowahi kuutengeneza. Hapo naishukuru naitrojeni, ingawa nitairudia bila hiyo kabla sijaisifu kwa maandishi.

Chupa nimeiweka dirishani, nyuma yake nikaegemeza ukurasa wa daftari wa jaribio la 1. Maandishi yanasomeka kupitia humo, hadi ile gramu 2 niliyoipigia mstari mwekundu. Kuna nyuzi tatu zinaelea. Nimezihesabu.